Dodoso linasema 4 kati ya 5, mbona wabanguaji wanaondoka?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara. Tuko 240: wabanguaji 150, wengi wao akina mama wanaolipwa kwa kilo, na baadhi wameletwa na wakala, wamenyaji na wachambuaji 50, ofisi, mafundi na walinzi 40. Novemba mwaka jana tulipima kuridhika na kazi kwa dodoso la kauli 30 nililolipata mtandaoni na kulitafsiri mwenyewe. "Sikubali kabisa" ni 1, "nakubali kabisa" ni 5. Wasimamizi wa zamu waligawa asubuhi na kukusanya jioni. Zilirudi karatasi 108: ofisi na wenzao 38 (wastani 4.7), wamenyaji 25 (3.8), wabanguaji 45 (3.4). Jumla ni 3.95, na alfa ya Cronbach, kile kipimo cha jinsi kauli zinavyokwenda pamoja, ni 0.93. Meneja akaandika kwenye ripoti kwamba wafanyakazi wameridhika. Kufika Januari wabanguaji 31 hawakurudi kazini, na waliobaki hawasemi kitu. Mwaka huu nimeambiwa nirudie. Je, alfa hiyo si nzuri? Nitumie fomula ya Yamane kupata sampuli? Na nina Excel tu, nichambue vipi? Yapo pia maneno kwamba kuna wanaoombwa "chochote" ili wapangwe zamu. Sijui kama hilo linaulizika.

JIBU

Marahaba, binti yangu. Nianze na hiyo 3.95, maana ndiyo iliyofika mezani kwa meneja.

Umefanya vizuri kunipa idadi ya kila kitengo. Ofisini wamejibu 38 kati ya 40, karibu wote. Wabanguaji wamejibu 45 kati ya 150, watatu katika kila kumi. Ukizimwaga karatasi zote 108 pamoja, ofisi ambayo ni sehemu ya sita tu ya kiwanda inabeba zaidi ya theluthi ya majibu. Sasa rudisha kila kitengo kwenye uzito wake: 4.7 mara 40, 3.8 mara 50, 3.4 mara 150, jumlisha, gawa kwa 240. Inatoka 3.7. Hakuna aliyebadili jibu lake. Kilichobadilika ni kwamba wabanguaji wamehesabiwa kwa wingi wao.

Hata hivyo usikimbilie kuiandika 3.7. Hesabu hiyo inachukulia kwamba wabanguaji 105 walionyamaza wangejibu sawa na wenzao 45. Sioni sababu ya kuamini hivyo. Karatasi iligawiwa na msimamizi wa zamu, ikakusanywa na msimamizi wa zamu, naye ndiye anayepanga nani abangue kesho. Mwenye la kusema juu yake alikuwa na njia mbili salama: asirudishe, au arudishe yenye majibu mazuri. Kwa hiyo walionyamaza si watu wa kawaida waliosahau karatasi nyumbani, na waliojibu huenda nao hawakujibu unachodhani walijibu. Hakuna fomula, ya Excel wala ya programu ya mamilioni, itakayokurudishia jibu ambalo mtu aliogopa kulitoa.

Kuna na hili la mtindo wa kuuliza. Huku kwetu ukimuuliza mtu habari za kazi atakujibu nzuri, hata kama jana alikatwa kilo mbili bila maelezo. Nzuri ni adabu. Ukikaa naye, ukapokea maji, ndipo inakuja "ila". Dodoso lako la kauli 30 liliuliza habari, likajibiwa nzuri, likaondoka kabla ya ila. Na si la kwenu tu. Wanasaikolojia wameiona tabia ya kukubali kila kauli katika nchi nyingi, na huzidi pale ambapo anayeulizwa ana madaraka madogo kuliko anayeuliza, au pale kauli ni ya jumla kiasi kwamba kuipinga kunaonekana ugomvi. "Kwa ujumla nafurahia kazi yangu." Nani aandike hapana mbele ya msimamizi?

Ujaribu mwenyewe. Kwenye faili lako kila mtu yuko kwenye mstari wake. Mwishoni mwa mstari weka fomula ya mkengeuko sanifu, STDEV, yaani kipimo cha jinsi majibu yake yote 30 yanavyotofautiana. Wanaotoka sifuri ni waliojaza safu moja kuanzia juu mpaka chini. Tazama wako wangapi na wa kitengo gani. Usiwafute kimyakimya ili takwimu ipendeze. Wahesabu na uwataje kwenye ripoti, maana wingi wao ni habari.

Hapo ndipo tunafika kwenye alfa. Lee Cronbach alipoieleza mwaka 1951 ilikuwa na kazi maalumu: kuonyesha ni kwa kiasi gani kauli zilizokusudiwa kupima jambo moja zinakwenda pamoja. Haisemi jambo hilo ni lipi. Haisemi kama watu walisema kweli. Tena hupanda kadiri unavyoongeza kauli. Chukua kauli 30 zenye uhusiano hafifu wa wastani wa 0.3 kati ya moja na nyingine (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili): alfa inatoka karibu 0.93, ileile uliyoipata. Chukua tano tu zenye uhusiano huohuo wa 0.3: inashuka hadi 0.68. Kauli hazikuharibika, zimepungua. Halafu waliojaza safu moja huipandisha zaidi, kwa sababu kwa mtu aliyeandika 4 kila mahali kauli zote "zinakwenda pamoja" barabara. Vyuoni tunawafundisha vijana kwamba ikivuka 0.7 basi kazi imekwisha, na wanaondoka na imani hiyo mpaka maofisini. Ipo nafasi ya alfa kwenye kazi yako ya mwaka huu, lakini ni ndogo, na nitaitaja mbele.

Turudie basi, ila tusianzie kwenye kauli. Nenda kwa meneja na swali moja: ni mambo gani yuko tayari kuyabadili ndani ya miezi mitatu baada ya majibu kutoka? Upimaji wa mizani? Namna zamu zinavyopangwa? Glavu na mafuta ya kujikinga na ule utomvu wa ganda unaounguza vidole? Siku ya malipo? Akikutajia matatu, hayo matatu ndiyo dodoso lako. Akisema hakuna, usiulize chochote mwaka huu. Kuuliza watu shida zao na kisha kukaa kimya huwafundisha kwamba karatasi hizi ni mchezo, na mwaka unaofuata hutapata hata hao 45.

Kwa kauli zenyewe, punguza "nakubali, sikubali" kadiri unavyoweza. Rensis Likert, Mmarekani aliyetuachia mizani hii ya majibu mwaka 1932, alikuwa anapima mitazamo juu ya mambo makubwa ya jamii kwa kujumlisha kauli nyingi, zingine za upande huu na zingine za upande wa pili. Wewe unataka kujua kinachotokea kwenye meza ya kubangulia. Ukitaka kujua kinachotokea, uliza kinachotokea:

"Tangu malipo yaliyopita, kilo zilizoandikwa kwenye kadi yako zililingana na ulizobangua?" Majibu: siku zote, siku nyingi, siku chache, hata siku moja hapana.

Ona tofauti. Swali hili lina kipindi ambacho mbanguaji anakikumbuka bila kalenda, kwa kuwa malipo hayasahauliki. Halimwombi amhukumu mtu, linamwomba ahesabu siku. Na jibu lake linaelekeza mahali pa kwenda kukagua, yaani mizani na karani wake. Linganisha na kauli ya aina iliyojaa mitandaoni: "Mwajiri wangu ananilipa kwa haki na kwa wakati." Kwanza ni maswali mawili ndani ya moja, anayelipwa kwa wakati lakini si kwa haki aweke tiki wapi? Pili, kwa aliyeletwa na wakala, mwajiri ni nani? Mmoja atamfikiria wakala, mwingine kiwanda, na wewe utajumlisha mambo mawili tofauti ukidhani ni moja. Neno "kiongozi" lina shida hiyohiyo: kuna msimamizi wa zamu, kuna meneja wa uzalishaji, kuna mkurugenzi ambaye wengine hawajamwona. Andika cheo anachokitaja mbanguaji akiwa na wenzake wakati wa chai.

Epuka pia kauli za kukanusha. Utaambiwa uchanganye kauli chanya na hasi ili kuwanasa wanaojaza safu moja. Kwa mizani ya kukubali, "Sisikilizwi na msimamizi" ikijibiwa "sikubali" inamlazimisha mtu kukanusha ukanushi, na wengi hukosea upande. Unapata makosa mapya badala ya kuondoa ya zamani. Maswali ya mara ngapi hayana mtego huo.

Na ile "sina uhakika" ya katikati? Iondoe kwenye maswali ya matukio, weka "halinihusu" pembeni kwa asiyehusika. Mlinzi hana kilo.

Kama unataka kupima jambo lisiloonekana kwa macho, chagua moja tu, na kwa hali yenu ningechagua usalama wa kusema. Umeniambia waliobaki hawasemi kitu. Mwaka 1999 Amy Edmondson alitoa utafiti juu ya timu 51 za kampuni moja ya viwanda huko Marekani, akipima kwa kauli saba kama watu kwenye timu wanaona ni salama kukiri kosa, kuomba msaada, kutaja tatizo. La kujifunza kwake si kauli zile tu bali kwamba hali hiyo ni ya timu. Zamu moja inaweza kuwa salama na zamu ya pili ikawa ya kimya. Hapa ndipo alfa ina kazi: kauli hizi chache zinakusudiwa kupima kitu kimoja, kwa hiyo angalia kama zinakwenda pamoja. Na kwa sababu zitatoka kwenye Kiingereza, usitafsiri peke yako tena. Utaratibu alioueleza Richard Brislin mwaka 1970 bado unafaa: mmoja anatafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona asili anarudisha kwenye Kiingereza, mnalinganisha palipopishana.

Tafsiri safi bado haitoshi. Kabla ya kuchapa, keti na wabanguaji sita, mmoja mmoja, mwingine awe wa Newala, mwingine wa Lindi, awepo mzee na kijana. Msomee kila swali, kisha mwombe alieleze kwa maneno yake na akuambie alipojibu alikuwa anafikiria nini. Usimsahihishe. Akieleza kitu kingine, swali ndilo lenye kosa. Jioni mbili za kazi hii zina faida kuliko alfa yoyote utakayoikokotoa baadaye.

Sasa nani aulize. Si wasimamizi, na usichukie, si wewe pia. Wewe ndiye unayeandika barua za onyo. Tafuta watu wasio na mamlaka juu ya kibarua cha yeyote: wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo, na Stella Maris kipo hapo mjini, au mtu wa nje mwenye uzoefu. Kazi ifanyike ndani ya saa za kazi. Wabanguaji wanalipwa kwa kilo, kwa hiyo nusu saa ya dodoso ni kilo zilizopotea. Mlipe kila mmoja wastani wake wa nusu saa, la sivyo wenye shida zaidi ndio watakaokuwa wa kwanza kukataa. Msimamizi asiwe hata kwenye ua.

Kwa wasiosoma vizuri, usiwatenge pembeni wakasomewe kila mmoja kwa sauti mbele ya mwanafunzi. Huko siri imekwisha. Kaeni makundi ya watu kumi na tano hivi, kila mtu na karatasi yake na nafasi ya kutosha, msomaji asome swali na majibu mara mbili, na kila jibu liwe na alama ya kutambulika. Picha za nyuso, kuanzia iliyonuna hadi inayocheka, si mchezo wa watoto. Theodore Kunin alizitengeneza mwaka 1955 kwa ajili hii hasa ya kupima kuridhika na kazi, na zimetumika tangu hapo. Karatasi zikunjwe, ziingie kwenye sanduku lililofungwa kama la kura. Fomu za simu ziache kwa watu wa ofisini. Wabanguaji wengi hawatakuwa na simu janja, na wenye nayo watajiuliza namba yao imeonekana au la.

Taarifa binafsi ziwe tatu tu: kitengo, zamu, na kama mtu ana zaidi au chini ya mwaka mmoja kazini. Najua utatamani umri, jinsia, elimu, ndoa, wilaya. Kwenye kiwanda cha watu 240, ukijua kitengo, jinsia na umri unajua jina. Kama kuna mwanamke mmoja tu kati ya mafundi, swali la jinsia limemtaja. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na moja ya mawazo yake ya msingi ni kukusanya kile tu kinachohitajika kwa lengo lililotajwa. Lakini hata isingekuwepo, wafanyakazi wanazijua hesabu hizi bila kufundishwa. Watangazie mapema kwamba hakuna kundi la chini ya watu kumi litakaloripotiwa peke yake, kisha ulitimize hilo hata meneja akibembeleza.

Kuhusu Yamane: fomula yake ni idadi ya watu, gawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa unaloruhusu. Kwa 240 na asilimia 5 inatoka 150 kamili. Inapendeza kwenye sura ya tatu ya tasnifu. Kwako haina kazi. Fomula hiyo inahesabu kosa linaloletwa na bahati ya kuchagua, ilhali tatizo lako ni waliogoma kujibu, na hilo haliioni. Zaidi ya hapo, ukichagua 150 kati ya watu wanaoogopa, kila mmoja ataanza kuuliza kwa nini yeye. Waulize wote.

Wakati gani? Novemba ilikuwa na bahati mbaya. Ni msimu wa korosho; wengi wa wabanguaji wenu wana mikorosho yao au ya wazazi, minada inaendelea, na mtu anayekosa kazini anaweza kuwa anaokota, hajachukia kiwanda. Hata hao 31 wa Januari usiwahesabu wote kama wenye hasira, kwa maana mvua zikishika mashamba nayo yanaita. Pendekezo langu ni mwezi mtulivu nje ya msimu, wiki moja au mbili baada ya malipo, mbali na siku za kuhuisha mikataba. Mwaka ujao urudie wakati uleule, ukikumbuka kwamba Ramadhani inarudi nyuma takribani siku kumi na moja kila mwaka. Ukilinganisha mwezi ambao mwaka huu watu walikuwa wamefunga na mwaka ujao hawajafunga, tofauti utakayoiona huenda ni ya futari.

Na kuna watu ambao hawako kwenye orodha yoyote uliyonipa: wale 31 wenyewe. Mtu wa nje awapigie simu, dakika tano, aulize nini kilitokea katika wiki zao mbili za mwisho na sasa wanafanya kazi gani. Hao hawana zamu ya kupoteza.

Hilo la "chochote" linaulizika, ila si moja kwa moja. Mwaka 1965 Stanley Warner alipendekeza njia ya kumficha anayejibu nyuma ya bahati nasibu, na mtindo wake rahisi unaweza kufanyika kwa sarafu ya shilingi 200. Kila mtu anarusha yake kwa siri. Ikija sura ya Karume, anaandika "ndiyo" bila kujali ukweli. Wakija simba, anajibu kweli: tangu mwaka huu uanze, amewahi kuombwa kitu ili apangwe zamu? Ukiokota karatasi ya "ndiyo" hujui ni sarafu au ni mtu, na mwenyewe anajua kwamba hujui. Lakini kwa jumla unajua nusu ya watu wamelazimishwa na sarafu. Tuseme wabanguaji wote 150 wamejibu, na "ndiyo" ni asilimia 60. Toa 50, inabaki 10, nayo imetoka kwenye ile nusu iliyojibu kweli, kwa hiyo zidisha mara mbili: asilimia 20.

Gharama yake ni ukungu. Kwa watu 150 makadirio hayo yanayumba takribani pointi 16 kila upande, yaani ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 4 na 36. Huwezi kusema ni zamu ipi, wala mwaka ujao kudai imeshuka kutoka 20 hadi 15. Unaweza tu kumwambia meneja kwamba jambo lipo na si la mtu mmoja. Kwa madhumuni yenu hiyo inatosha kuanza kubadili upangaji wa zamu, ambao ukiwekwa kwenye ubao kwa mzunguko unaoonekana na wote unapunguza nafasi ya kuomba. Wafanyeni mazoezi ya sarafu kwanza kwa swali lisilo na madhara, kama vile nani alikunywa chai asubuhi, wacheke kidogo na waone jinsi siri inavyobaki.

Uchambuzi sasa ni mwepesi kuliko unavyoogopa, na Excel inatosha. Kama utataka zaidi, programu ya takwimu iitwayo Jamovi ni ya bure na haihitaji kuandika msimbo.

Anza na jedwali la waliojibu kwa kila kitengo dhidi ya waliopo. Likae ukurasa wa kwanza wa ripoti. Kisha, kwa kila swali, hesabu ni asilimia ngapi wamechagua kila jibu, kitengo kwa kitengo. Achana na wastani mpaka umeona mgawanyo. Zamu ya watu ishirini ambayo kumi wamejibu 5 na kumi wamejibu 2 ina wastani wa 3.5, zamu nyingine ambayo kumi wamejibu 4 na kumi 3 nayo ina 3.5. Ya pili inaendelea na maisha. Ya kwanza imepasuka katikati, na kazi yako ni kujua wale kumi wa chini ni akina nani kwa kundi: ni wapya? Hata kwenye zile kauli za usalama wa kusema, kabla hujaandika kwamba "zamu B si salama", angalia kama watu wa zamu B wanakubaliana. Wasipokubaliana, hakuna hali ya zamu ya kuripoti, kuna makambi mawili.

Jihadhari na tofauti ndogo. Kwenye kundi la watu wanane, mmoja akibadili 4 kuwa 2 wastani unashuka kwa 0.25. Kwa hiyo tofauti ya 0.2 kati ya mafundi na walinzi si habari. Na ukilinganisha kila swali kwa kila kitengo ukisaka penye nyota, ile alama ya "tofauti ya maana" ya kitakwimu, kumbuka kwamba katika milinganisho 180, kwa kiwango cha asilimia 5, kama tisa zitajitokeza kwa bahati tu hata kama hakuna tofauti yoyote. Amua kabla ya kufungua sanduku ni milinganisho ipi minne au mitano unayoihitaji, iandike, ibandike ukutani.

Jambo moja linalopendwa na wasomi wa fani yetu ni kuonyesha kwamba wanaomlalamikia msimamizi ndio wanaotaka kuacha kazi, yote mawili yakiwa yametoka kwenye karatasi ileile. Aliyeamka vibaya siku hiyo ataweka alama za chini kila mahali, na uhusiano utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Wewe una dawa ambayo wengi hawana: daftari la mahudhurio na kadi za kilo. Usiziunganishe na majina, maana umeahidi siri; ziunganishe kwa zamu. Zamu inayosema kilo haziandikwi sawasawa ndiyo yenye utoro mkubwa nje ya msimu? Zamu hazitafika kumi pengine, hivyo usikokotoe chochote, chora nukta zako kwenye karatasi ya mraba utazame. Halafu nenda kwenye mizani na jiwe la kilo tano lililokaguliwa, ulipime mara kadhaa asubuhi na jioni. Hilo nalo ni uchambuzi.

Maoni ya kuandika kwa mkono yachapwe kabla hayajasomwa na mtu yeyote wa kiwandani, miandiko inatambulika.

Matokeo warudishie wafanyakazi ndani ya wiki tatu, kwa mdomo, kwa makundi yaleyale yaliyojibu, pamoja na karatasi moja kwenye ubao: mliyosema, litakalobadilika na tarehe yake, na lisilobadilika pamoja na sababu. Meneja atataka kulinganisha na 3.95 ya mwaka jana. Mkatalie. Maswali ni mengine, waulizaji wengine, mwezi mwingine. Ikitoka chini, haina maana hali imekuwa mbaya. Huenda ni kwamba safari hii watu wamejibu. Mweleze hilo leo, kabla hujachapa, akiwa bado hana namba ya kuitetea, na umwombe aweke sahihi kwenye yale mambo matatu.

Kisha tafuta wale wabanguaji sita. Ukishakaa nao, nitumie maswali yaliyobaki pamoja na jinsi walivyoyaeleza, niyapitie.